Mtihani wa Taifa wa Mapendeleo

Katika Jamhuri ya Bashasha karatasi ya mwanafunzi hairuhusiwi kulala bila kusahihishwa. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko bendera. Mtoto akichora mbuzi, mbuzi anasahihishwa. Akimwandikia bibi yake barua ya pole, mwalimu anaipitia kwanza kwa kalamu nyekundu, na bibi anaipokea pole yake ikiwa na alama saba kwa kumi. Hakuna anayelalamika, kwa sababu hata malalamiko, yakishaandikwa, yanasahihishwa.

Kwa hiyo tusimlaumu sana Mwalimu Kandida Mbelwa. Alikuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika Sekondari ya Ng'ambo ya Reli, na ofisi yake ilikuwa stoo ya majembe iliyotolewa majembe nusu. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wanafunzi wa Kidato cha Nne watakuwa nani maishani. Mbinu aliyoikuta hapo ilikuwa rahisi na haikuwa na gharama: unamtazama mtoto. Mrefu anakwenda upolisi. Mwenye miwani anakwenda benki. Mwenye kelele anasomea sheria, na aliyebaki baada ya hao wote anakuwa mwalimu. Kandida mwenyewe alitazamwa hivyo siku moja, kwa dakika mbili hivi, na tangu hapo yupo kazini.

Basi mwaka huo alikuta ndani ya sanduku la vitabu vya msaada kijitabu kinachoeleza dodoso la mapendeleo. Akalipenda wazo lenyewe. Akakaa wiki nzima akiandika maswali sitini ya kwao, ya watoto anaowajua: Je, unapenda kulea mimea? Je, unapenda kumsikiliza mtu mwenye shida? Je, unapenda kufungua mashine ujue inavyofanya kazi? Na juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA JIBU SAHIHI WALA LA MAKOSA. JIBU NDIYO AU HAPANA KAMA MOYO WAKO UNAVYOKUTUMA.

Akawagawia. Walipomaliza akazikusanya karatasi, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwalimu yeyote wa Bashasha. Hakuzisahihisha. Alimwita mtoto mmoja mmoja, akamkalisha kwenye ndoo iliyofunikwa ubao, wakazungumza.

Wa arobaini na tatu kuitwa alikuwa Mwanahawa Lukindo, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kawaida, kwani darasa lilikuwa na watu arobaini na tatu. Somo la Uraia lilikuwa limemshinda kabisa. Lakini kwenye swali la kumi na saba, lile la mashine, ambapo wenzake waliandika neno moja, yeye aliandika kwa penseli: "Ndiyo, sana."

"Mashine gani umewahi kufungua, Mwanahawa?" Kandida aliuliza.

Binti akatazama miguu yake. "Nikisema utanichapa, mwalimu."

"Sikuchapi."

"Pampu."

Pampu ya shule, kila mtu aliamini, ilikuwa ikijirekebisha yenyewe kwa maombi ya mkuu wa shule, Bwana Zebedayo Mtengwa, ambaye aliiombea kila Jumatatu mstarini. Kumbe kila Jumatatu saa ya mapumziko Mwanahawa alikuwa akipita nyuma ya vyoo na bisibisi ndani ya soksi. Alikwishabadilisha vali mara tatu kwa kipande cha tairi. Alieleza yote hayo kwa dakika arobaini bila kukwama hata neno moja, yeye ambaye akiulizwa nguzo za utawala bora alikuwa akitokwa jasho.

Kandida alimwita na baba yake, Mzee Lukindo, mfyatua matofali, akamsomea karatasi yote.

"Kwa hiyo mwanangu si mjinga?" mzee aliuliza.

"Si mjinga, baba Mwanahawa. Alikuwa anaulizwa maswali ya watu wengine."

Mzee alivua kofia. Kisha akasema, "Miaka yote hii namwita mjinga mbele ya wageni," akajifuta uso kwa kofia. Wakakubaliana palepale kwamba binti aombe nafasi Chuo cha Ufundi cha Taifa, idara ya pampu na mota. Mwanahawa alitoka stoo ile akikimbia, na siku hiyo pampu ilitoa maji mpaka yakamwagika uwanjani.

Furaha ikampanda Kandida kichwani. Akaketi, akaandika ripoti ya kurasa nne juu ya manufaa ya dodoso la mapendeleo, akaipeleka wizarani.

* * *

Wizara ya Mwelekeo wa Vijana iliongozwa na Mheshimiwa Profesa Mhandisi Wakili Pantaleo Gombanila. Uprofesa alipewa na chuo alichokizindua, uhandisi na daraja alilolifungua, na uwakili aliupata kwa uzoefu, baada ya kushitakiwa mara nyingi. Ripoti ilimfurahisha sana, hasa jalada lake. Akaunda kamati ya watu ishirini na mmoja, nayo ikaenda kujifungia siku tisa katika hoteli ya kando ya ziwa ili isisumbuliwe na watoto.

Siku ya kwanza kamati ilikwama kwenye mstari wa kwanza wa dodoso.

"Karatasi isiyo na jibu sahihi," alisema Mkurugenzi wa Mitihani, akiishika kwa ncha za vidole, "tutaisahihishaje?"

"Na tusipoisahihisha," alidakia mwingine, "tutajuaje nani amekuwa wa kwanza?"

"Na wa kwanza asipojulikana," akasema wa tatu, mtu wa ugavi, "zile kamusi za zawadi tumpe nani?"

Kandida, aliyekuwa ameitwa kama mtaalamu na kupewa kiti karibu na mlango wa jikoni, alisimama. "Waheshimiwa, samahani. Hili halisahihishwi. Ni la kuanzishia mazungumzo tu. Mtoto anajijua kidogo, mwalimu anamjua kidogo, wanakaa wanasaidiana."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea ukumbi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mazungumzo hayo yana alama ngapi?"

Kandida akakaa. Ule mstari ukafutwa kwa kauli moja, na dodoso likapewa jina linaloeleweka: Mtihani wa Taifa wa Mapendeleo.

Kikabaki kijitatizo kimoja tu, mwongozo wa usahihishaji. Mtoto anapaswa kupenda nini? Kamati ilibishana siku saba, na sambusa zilikwisha mara mbili. Siku ya nane mjumbe mmoja ambaye hadi hapo alikuwa amelala alifumbua macho akauliza ni nani katika nchi hii amefanikiwa kuliko wote waliomo ukumbini. Wote wakageuza shingo kumwelekea Waziri. Basi, akasema mjumbe, apendavyo yeye ndivyo sahihi. Akalala tena, na mwaka uliofuata alipewa nishani.

Waziri alijaza dodoso hadharani, katika uwanja wa taifa, bendi ikipiga. Ilimchukua saa mbili. Swali la mimea: Hapana, akaongeza kuwa ana mtu wa bustani. Swali la kumsikiliza mwenye shida: Hapana, yuko katibu. Alipofika swali la kumi na saba alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Kufungua mashine? Mimi? Hapana!" Umati ukapiga makofi. Kwa jumla alijibu Hapana mara hamsini na sita. Ndiyo zake nne zilikuwa za kuzungumza mbele ya watu, kusafiri, kukaa mbele, na kupigwa picha.

Kisha ikatangazwa kwamba hakuna atakayeingia chuo chochote bila kufaulu Mtihani wa Mapendeleo. Msomaji mwenye haraka ameshaanza kuuliza: ina maana anayetaka kusomea mashine lazima athibitishe kwanza kuwa hapendi mashine? Ndivyo. Na anayetaka uuguzi? Vilevile. Wizara ilieleza vizuri sana kwamba mtu anayependa kitu hukosa utulivu anapokuwa nacho.

* * *

Mwaka wa kwanza wa mtihani ulikuwa wa shughuli nyingi. Kila mtaa ulifungua tuisheni ya mapendeleo, asubuhi na jioni. Majibu ya Waziri yalivuja, ingawa aliyajibu mbele ya watu elfu thelathini, na yakauzwa sokoni yakiwa yamefungiwa bagia. Kulikuwa na mitihani ya majaribio ya wilaya, ya mkoa na ya kanda, na watoto waliokuwa wakipenda vitu vingi walipewa likizo ya wiki mbili wapunguze.

Mwanahawa hakwenda tuisheni. Aliingia chumba cha mtihani na penseli yake, akajibu kama moyo ulivyomtuma, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na mwalimu aliyemwamini.

Matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa stoo. Lukindo, Mwanahawa: tisa kwa sitini. Chini yake, kwa wino mwekundu: Jitahidi.

"Shule yetu imekuwa ya mia mbili kumi na moja kwa mapendeleo!" Bwana Zebedayo alinguruma mstarini. "Na ni nani ametushusha? Mtoto mmoja anayependapenda hovyo! Kuanzia leo ni marufuku kwa mwanafunzi kupenda kitu katika eneo la shule."

Sheria iliruhusu kurudia mara moja tu, baada ya miezi mitatu. Akifeli tena jina lingeondolewa kwenye orodha ya wenye mapendeleo, na chuo cha ufundi angekisikia redioni.

Kandida hakupata usingizi siku tatu. Siku ya nne alimwita binti, akamkalisha kwenye ndoo ileile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwanahawa, safari hii utaandika Hapana."

"Kwenye ya mashine?"

"Hasa kwenye ya mashine."

Binti alimkazia macho. "Lakini ulisema hakuna jibu la makosa."

"Nilisema." Kandida aliinamisha kichwa. "Nilikuwa sijaelimika. Nisikilize, mwanangu. Ni siku moja tu. Ukishaingia chuoni utapenda upendavyo, hakuna atakayekuchungulia moyoni."

Kumbe yupo wa kuchungulia. Wizara, kwa kuwajali wanaorudia, ilikuwa imewaongezea mtihani wa vitendo. Mtahiniwa anakalishwa mbele ya kile anachoshukiwa kukipenda, na jopo la watu watatu linamtazama kwa dakika kumi. Macho yakimng'aa anapoteza alama tano. Mkono ukijongea, kumi. Akiuliza swali, ametoka.

Wakaanza mazoezi. Kandida alileta cherehani yake mbovu, akaifungua tumbo juu ya meza, na Mwanahawa akakaa mbele yake akiwa amekalia mikono yake miwili. Siku ya kwanza alivumilia nusu dakika. Siku ya tatu alivumilia dakika nne, halafu akalia, na mwalimu akalia naye, kisha wakaanza upya. Kandida alimfundisha kutazama ukuta wa nyuma ya cherehani. Alimfundisha kupiga miayo. Alimfundisha hata kuandika Hapana kwa mwandiko mzuri, bila kukandamiza penseli. Alikuwa mwalimu mzuri kweli, hilo lazima lisemwe, na mwanafunzi wake alikuwa na akili kuliko wote aliowahi kuwafundisha.

Siku ya arobaini walikuwa wakitembea uani pampu ikaanza kukohoa. Mwanahawa aliipita bila kugeuza shingo.

"Umeisikia?" Kandida aliuliza.

"Nimesikia nini, mwalimu?"

Kandida alimpongeza. Moyo wake ulimuuma, lakini alimpongeza.

* * *

Sitini kwa sitini. Nchi nzima haikuwahi kuona. Waziri mwenyewe, alipojaribiwa tena kwa siri na wasaidizi wake, alipata hamsini na nane, kwa kuwa siku hizo alikuwa ameanza kupenda kuku wa mapambo. Jopo la vitendo liliandika kwamba mtahiniwa alikaa mbele ya mota iliyofunguliwa dakika kumi kamili, akapiga miayo mara mbili, akaomba dirisha lifunguliwe.

Sherehe ilifanyika katika uwanja wa taifa. Mzee Lukindo alivaa koti la kuazima, na Kandida alikaa karibu naye, safari hii mbali na jikoni.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Wakati mwingine taifa hujaliwa kiumbe. Kiumbe asiyependa! Mnaelewa maana yake? Ukimpa wizara, hataipenda. Ukimpa hospitali, hataipenda. Huyu hana upendeleo, na asiye na upendeleo ndiye mwenye haki!" Bendi ikapiga kidogo. "Nimeambiwa binti huyu aliomba kwenda kusomea mapampu. Mapampu! Tupeleke kipaji hiki kikaoze kwenye mafuta machafu? Sheria inasema nini, Mkurugenzi?"

"Wa kwanza kitaifa anabaki wizarani, Mheshimiwa."

"Anabaki wizarani! Kuanzia leo ndiye Msahihishaji Mkuu Msaidizi wa Mapendeleo."

Kandida alisimama, akanyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mheshimiwa, kuna makosa. Yeye anapenda. Mimi ndiye niliye..."

Bendi ilikuwa imefundishwa vizuri. Ilipiga mpaka akaketi.

Mwanahawa alipewa kamusi. Alisimama jukwaani mikono ikiwa imelala ubavuni, akitazama ukuta wa mbali, kama alivyofundishwa.

"Mwalimu," Mzee Lukindo alinong'ona, "mbona mwanangu hacheki?"

"Amechoka tu, baba Mwanahawa," Kandida alisema.

* * *

Pampu ya shule ilikufa mwezi wa pili baada ya hapo, Jumatatu, katikati ya maombi. Watoto wakaanza kubeba ndoo kutoka mtoni, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, na vipindi viwili vya kwanza vikawa vya ndoo. Shule iliandika wizarani. Baada ya miaka miwili akaja mhandisi, zao la kwanza la Chuo cha Ufundi chini ya utaratibu mpya. Alivaa suti ya rangi ya maziwa. Alisimama hatua ishirini kutoka kwenye pampu.

"Hiyo ndiyo yenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo yenyewe," Bwana Zebedayo alijibu. "Hebu isogelee, mheshimiwa."

"Mzee wangu, mimi nina daraja la kwanza. Sipendi pampu tangu utotoni." Akauliza utepe wa kukata uko wapi, na alipoambiwa hakuna utepe alisikitika, akapigwa picha, akaondoka.

Kandida aliomba ruhusa, akapanda basi kwenda makao makuu. Kwenye mkoba alikuwa na karatasi moja, ile ya kwanza kabisa, ya penseli. Alikuwa na mpango. Aliamini kwamba binti akiiona karatasi ile ataikumbuka ndoo, ataikumbuka siku ile, na atasema mwenyewe kwamba anataka kutoka. Katika Bashasha mtumishi akiomba mwenyewe kuondoka hazuiwi, kwa kuwa haijawahi kutokea na hakuna fomu ya kumzuia.

Alisubiri siku mbili kwenye benchi. Siku ya tatu akaingizwa.

Ofisi ilikuwa na zulia. Mwanahawa alikuwa nyuma ya meza pana, amenenepa kidogo, na mikono yake ilikuwa misafi kabisa, kucha zimepakwa rangi. Kulia kwake kulikuwa na rundo la karatasi lililofika begani. Juu yao feni ya dari ilikuwa ikizunguka kwa kukwaruza, krr, krr, krr, kelele ambayo Mwanahawa wa zamani asingeivumilia kwa muda wa kusalimia.

"Shikamoo, mwalimu." Alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Sauti ilikuwa ileile, na Kandida akapata matumaini.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo feni vipi?"

"Ipi?"

Kandida alifungua mkoba akatoa karatasi, akaiweka mezani, akaigeuza imwelekee. "Mwanahawa, unaikumbuka hii?"

Mwanahawa aliinama. Alisoma jina lake juu, akasoma mstari wa herufi kubwa, ule uliofutwa. Midomo yake ilitikisika kidogo. Alisoma swali la kwanza, la pili, la tatu, na Kandida aliyekuwa akimtazama usoni hakuona mkono. Mkono ulikuwa umeshajiendea wenyewe kwenye kalamu. Kosa. Kosa. Vema. Kosa. Haukuwa na haraka wala hasira.

"Mwanahawa. Mwanangu, hiyo ni ya kwako."

"Naijua, mwalimu. Subiri nimalize."

Kwenye swali la kumi na saba kalamu ilisimama. Paliandikwa kwa penseli, kwa herufi za mtoto anayekandamiza sana: Ndiyo, sana. Feni ilikwaruza juu yao. Mwanahawa alinyanyua uso, akaitazama feni, na kwa kitambo kidogo shingo yake ilipinda upande kama ya mtu anayesikiliza kitu kinaumwa wapi.

Kisha Mwanahawa akateremsha macho mpaka kwenye ukuta wa nyuma ya mwalimu wake, akapiga mwayo mdogo, wa adabu, akauziba kwa kiganja. Akarudi kwenye karatasi. Akaweka kosa pale penye Ndiyo, na kosa jingine pale penye sana. Akamaliza yote sitini, akajumlisha, akairudisha kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa.

Kandida aliisoma akiwa kwenye benchi la nje. Tisa kwa sitini. Na chini yake, kwa mwandiko mzuri ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeufundisha: Jitahidi.